Mwongozo wa Kutazama Bendi Kongwe ya Metalikoo Ikipiga Klabuni

Metalikoo ni muziki uliotokana na kuungana kwa metali nzito, yaani roki ya magitaa mazito, na hadikoo, ambayo ni panki (roki fupi isiyo na mapambo) iliyoongezwa kasi, ukali na hasira. Ulianza kupata umbo lake Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, kupitia bendi kama Integrity ya Cleveland, Earth Crisis ya Syracuse, Converge ya Massachusetts iliyoundwa mwaka 1990, na Hatebreed ya Connecticut iliyofuata mwaka 1994. Wimbi la mwanzoni mwa miaka ya 2000, lililobebwa na Killswitch Engage, Unearth, Shadows Fall na wenzao, ndilo lililoufikisha kwa mamilioni ya wasikilizaji. Kwa hiyo tunaposema bendi kongwe ya metalikoo, tunazungumzia watu ambao wamekuwa jukwaani kwa miaka ishirini au zaidi, na ambao wengi wao walianza kupiga katika vyumba vidogo visivyo na kizuizi kati yao na mashabiki. Kuwaona klabuni ni kuwaona mahali ambapo muziki huu ulitungwa uchezwe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza, au aliyewahi kwenda akarudi nyumbani masikio yakimlia bila kukumbuka hata wimbo mmoja vizuri. Mengi yaliyomo yanarudi kwenye jambo moja: katika klabu, mahali unaposimama ndipo panapoamua utasikia nini, utaona nini na utaguswa na nini. Mtu aliyelipia tiketi ile ile uliyolipia wewe, lakini akasimama hatua kumi kutoka ulipo, anahudhuria onyesho jingine kabisa.

Hatua ya kwanza: ifahamu bendi kama ilivyo leo

Shabiki wa zamani huwa na picha ya bendi kama ilivyokuwa katika albamu aliyoipenda akiwa kijana. Bendi haikubaki pale. Wapiga ngoma huacha, wapiga gitaa huanzisha familia, na waimbaji hubadilika. Killswitch Engage ni mfano mzuri: Jesse Leach aliimba mpaka mwaka 2002, akafuatwa na Howard Jones kwa takribani miaka kumi, kisha Leach akarejea mwaka 2012. Anayekwenda kuwaona leo atasikia nyimbo za enzi za Jones zikiimbwa na mtu mwingine, na ni vyema alijue hilo mapema ili ausikilize wimbo wenyewe badala ya kupoteza jioni nzima akilinganisha sauti mbili.

Tafuta video za maonyesho ya karibuni, zile zilizorekodiwa na mashabiki kwa simu, kwa kuwa hazijasafishwa studio. Zingatia sauti ya mwimbaji. Kunguruma na kupiga mayowe kwa miaka mingi huhitaji ufundi wa pumzi na koo, na waimbaji waliodumu ni wale walioujifunza. Lakini hata wao mara nyingi huziacha baadhi ya noti za juu, au bendi nzima hushusha nyuzi za gitaa kidogo ili uimbaji wa kawaida usimtese mwimbaji. Hakuna ubaya hapo. Kwa maoni yangu, ngurumo nyingi huzidi kuwa nzuri kadiri mwimbaji anavyozeeka, kwa sababu huwa na uzito ambao kijana wa miaka ishirini hana.

Angalia pia kama ziara yenyewe ni ya kuadhimisha albamu fulani. Katika maonyesho ya namna hiyo bendi hupiga albamu nzima kwa mpangilio wake, kisha huongeza nyimbo chache nyingine. Sikiliza albamu hiyo tangu mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, hasa nyimbo za katikati ambazo hukuwa ukizipa nafasi, kwani pengine hazijapigwa jukwaani kwa miaka mingi na hazitapigwa tena upesi. Kama si ziara ya maadhimisho, orodha za nyimbo zilizopigwa katika miji iliyotangulia kwa kawaida hupatikana mtandaoni. Wapo wasiopenda kuharibiwa mshangao, na wana haki yao. Lakini kwa bendi yenye albamu nane au tisa, orodha hiyo itakusaidia kujua ni zipi za kurudia kusikiliza.

Hatua ya pili: tiketi na kanuni za ukumbi

Nunua kwa muuzaji aliyetajwa na bendi yenyewe au na ukumbi. Tiketi nyingine za simu hubadilisha msimbo wake kila baada ya sekunde chache, hivyo picha ya skrini unayouziwa na mtu usiyemjua inaweza isikufikishe popote. Soma kanuni za umri, maana klabu zinazouza pombe mara nyingi huweka kikomo, na za ukubwa wa mkoba. Kama una ulemavu, au mwanga unaomweka kwa kasi hukudhuru, waandikie ukumbi kabla ya siku yenyewe: taa za kumweka ni za kawaida sana katika maonyesho haya, na mafundi wa taa hupenda kuziwasha pale pale muziki unapokuwa mzito zaidi.

Hatua ya tatu: andaa masikio

Hatua hii watu wengi huiruka, nami naihesabu kuwa ya lazima kuliko zote. Sauti katika klabu ya metali kwa kawaida hufikia desibeli 100 au kuzidi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ugawanywe kwa mbili. Ukifuata hesabu hiyo, kwenye desibeli 100 unabakiwa na dakika 15, ilhali onyesho lenye bendi tatu au nne huchukua saa kadhaa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika viwango lilivyovitoa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 na kutaka wahudhuriaji wapatiwe vizibo vya masikio pamoja na sehemu tulivu ya kupumzikia. Si kila klabu inavifuata viwango hivyo, kwa hiyo beba vizibo vyako mwenyewe.

Vizibo vya sponji hupatikana kwa urahisi na hupunguza sauti vizuri, ila hupunguza zaidi sauti kali za juu, kwa hiyo matoazi na maneno ya mwimbaji husikika kama yametoka chumba cha pili. Vizibo vya wanamuziki vina kichujio kidogo ndani yake ambacho hupunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, na ndivyo ninavyovipendekeza kwa yeyote anayetarajia kuhudhuria zaidi ya mara moja. Kizibo kinachopunguza kwa kweli desibeli 15 huishusha ile 100 hadi 85, na jioni nzima ikawa salama.

Neno la kuzingatia ni hilo la ‘kwa kweli’, kwa sababu watu wengi huvivaa vibaya. Kizibo cha sponji hakichomekwi kama kilivyo. Kiviringishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba na kisicho na mikunjo, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kisukume ndani, kisha kishikilie kwa kidole kwa muda wa sekunde 20 hadi 30 kinapofutuka. Sauti yako mwenyewe ikianza kusikika nzito kichwani, kimekaa. Kama sehemu kubwa yake bado imechomoza nje, kitoe uanze upya. Fanya hivyo kabla muziki haujaanza, na ukitaka kuzungumza na mwenzako, nendeni nje badala ya kuvichomoa.

Hatua ya nne: mavazi

Vaa viatu vilivyofunika vidole na vilivyofungwa kwa kamba imara, pamoja na nguo ambazo huoni tabu zikilowa jasho. Hereni za pete, mikufu na mikanda yenye miiba ibaki nyumbani; miiba inapendeza pichani lakini humchana jirani. Wenye miwani wafunge kamba nyuma ya kichwa. Simu na pesa ziingie kwenye mfuko wenye zipu. Usiingie na begi la mgongoni, kwa sababu hutaona linamgonga nani, na kama ukumbi una mahali pa kutunzia makoti, patumie.

Hatua ya tano: fika mapema

Milango inapofunguliwa, onyesho halijaanza. Kwa kawaida kuna bendi mbili au tatu za ufunguzi, kila moja ikipewa nusu saa hivi, na katikati huwa na dakika ishirini au thelathini za kubadilisha vyombo, kabla ya bendi kuu kupanda na kupiga kwa saa moja au zaidi kidogo. Bendi kongwe mara nyingi huwa na sauti katika uchaguzi wa wanaowatangulia, hivyo bendi za ufunguzi hukuonyesha wakongwe hao wanawasikiliza nani siku hizi. Zipe nafasi.

Tumia muda huo kuukagua ukumbi. Jua milango ya dharura iko wapi, maji yanapatikana wapi, choo kiko upande gani, na spika zimewekwaje: zimening'inizwa juu au zimerundikwa sakafuni kando ya jukwaa. Angalia kama kuna kizuizi cha chuma mbele ya jukwaa au hakuna, kwa kuwa jibu lake litabadilisha kila kitu katika hatua mbili zinazofuata. Kunywa maji kabla hujahisi kiu.

Kama unataka fulana, inunue sasa. Saizi za kawaida huisha kabla bendi kuu haijapanda, na mauzo ya fulana na santuri ni sehemu kubwa ya kipato cha bendi iliyo ziarani. Beba fedha taslimu pamoja na kadi, maana mtandao wa malipo hupenda kukwama wakati foleni ni ndefu.

Hatua ya sita: chagua mahali pa kusimama

Anayetaka sauti iliyopangwa vizuri asimame mbele kidogo ya meza ya fundi sauti, ambayo mara nyingi iko katikati ya ukumbi au upande wa nyuma. Fundi huyo anapanga magitaa, besi, ngoma na sauti ya mwimbaji kwa kadiri anavyosikia yeye pale alipo, na unaposimama jirani naye unasikia kile anachokusudia usikie. Epuka pembe za ukumbi na kuegemea ukuta, kwa sababu sauti nzito hujirundika hapo na magitaa yakageuka kuwa mngurumo usio na umbo. Chini ya roshani nako sauti hufifia.

Mbele kabisa mambo ni mengine. Watu hudhani kwamba aliye karibu zaidi na jukwaa ndiye anayesikia zaidi, kumbe spika kuu mara nyingi zimeelekezwa kwenye umati ulio nyuma yake, kwa hiyo anachosikia ni vyombo vyenyewe: ngoma ikipigwa hatua chache kutoka usoni, na amplifaya ya gitaa iliyo upande wake. Sauti ya mwimbaji huenda asiipate vizuri. Zaidi ya hayo, bendi nyingi siku hizi zimeachana na makabati ya spika jukwaani na kutumia vifaa vya kidijitali vinavyoiga amplifaya, huku wanamuziki wakijisikiliza kupitia visikizi vidogo masikioni. Katika onyesho la namna hiyo, aliye mbele kabisa anaweza kusikia ngoma tupu na gitaa kwa mbali. Tazama jukwaa kabla ya kuamua: ukiona makabati yenye maikrofoni mbele yake, mbele pana gitaa, ukiona jukwaa limesafishwa, limebaki na ngoma na vibao vya kukanyagia vinavyobadilisha sauti ya gitaa tu, rudi nyuma hatua kadhaa.

Hata hivyo sauti si hoja pekee. Aliye mbele anaona vidole vya mpiga gitaa, anaona mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kunguruma, na katika klabu isiyo na kizuizi anaweza kushikishwa maikrofoni. Ningemshauri mgeni aanze karibu na fundi sauti, apande mbele nyimbo mbili tatu kupitia pembeni, kisha arudi. Njia za pembeni karibu kila mara ziko wazi kuliko katikati.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba sauti ya wimbo wa kwanza haitoi hukumu. Fundi aliijaribu mitambo wakati ukumbi u mtupu, na miili ya watu hunyonya sauti, hasa za juu. Humchukua wimbo mmoja au miwili kurekebisha. Mpe muda huo kabla hujaanza kulalamika.

Hatua ya saba: sikiliza kwa mpangilio

Masikio yasiyozoea huona muziki huu ni kelele isiyo na mwanzo wala mwisho. Anza na ngoma ya miguu. Mpiga ngoma hutumia kanyagio mbili, na mara nyingi gitaa huzifuata kipigo kwa kipigo. Ukishalisikia fungamano hilo, wimbo unakuwa na mifupa. Kisha yatenganishe magitaa mawili: aghalabu moja hushikilia mdundo mzito na jingine hupiga melodia, urithi ambao kizazi cha miaka ya 2000 kilichukua kutoka kwa bendi za metali za Sweden, hasa za Gothenburg. Mwisho ndipo umsikilize mwimbaji.

Kilele cha nyimbo nyingi ni brekidauni, yaani sehemu ambapo mdundo unashushwa kasi kana kwamba umegawanywa kwa mbili, magitaa yakazimwa kwa kiganja na kupigwa kwa vikato vifupi pamoja na ngoma ya miguu, huku toazi kali likihesabu juu yake. Dalili zake ni rahisi kuzijua. Vyombo vyote hunyamaza ghafla, au gitaa moja hubaki peke yake likirudia mkato ule ule, mwimbaji hutamka mstari mmoja mfupi ambao umati mzima unaujua, na katikati ya sakafu watu huanza kurudi kinyumenyume mikono ikiwa imetanuliwa, wakiwasukuma taratibu walio nyuma yao. Duara tupu hufunguka sakafuni. Ukijikuta umesimama ukingoni mwake na hukukusudia kuwa hapo, una sekunde chache za kuondoka, na huo ndio wakati wa kuondoka.

Hatua ya nane: duara na adabu zake

Ndani ya duara watu hukimbia kwa kuzunguka, au husukumana, au hucheza kwa mtindo wa hadikoo, wakirusha mikono na miguu hewani. Mitindo hii haifanani. Wanaosukumana wanatarajia kugongwa na hugongana kwa mabega. Wanaorusha mikono wanataka nafasi, na anayeingia katikati yao kwa kusukuma hupata ngumi ya bahati mbaya. Tazama wimbo mzima kabla ya kuamua kuingia.

Ukiingia, weka mikono kifuani, viwiko ndani, na ufuate upande ambao wengine wanazungukia. Mtu akianguka, walio karibu husimama mara moja na kumwinua, na hili halina mjadala wala halingoji wimbo uishe. Anayenyanyua kiatu au miwani juu anamtafuta mwenyewe. Asiyetaka kucheza havutwi ndani. Kumpapasa mtu kwa kisingizio cha msongamano ni udhalilishaji. Likikupata au ukiliona, mwite baunsa au mfanyakazi yeyote wa ukumbi.

Walio ukingoni wasigeuze mgongo wala wasizame kwenye simu. Walio kwenye kizuizi wawe wanatazama nyuma mara kwa mara, kwa sababu watu hupitishwa juu ya vichwa kuelekea jukwaani, na kiatu hufika kabla ya mwenyewe. Wapokee kwa viganja vilivyo wazi, uwapitishe kwa walinzi.

Pale ambapo hakuna kizuizi, na bendi imeruhusu, mashabiki hupanda jukwaani na kuruka. Anayepanda akae sekunde chache tu, asikanyage nyaya wala vibao vya athari za gitaa, na aruke mahali ambapo watu wanamtazama, bila kutanguliza miguu. Mwimbaji akinyoosha maikrofoni kwenye umati, imba mstari wako uiachie. Ukiing'ang'ania, inaweza kumgonga mdomoni na kumvunja jino.

Msongamano ukizidi mpaka huwezi kuinua mikono, hilo si duara tena na ni hatari. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi, usipigane na wimbi la watu, na kila linapolegea sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Usipoteze pumzi kwa mayowe. Ukiona mtu amepauka au ameishiwa nguvu, wapungie walinzi mkono na uijulishe bendi kwa ishara. Wakongwe wengi wamekwisha kusimamisha wimbo kwa sababu kama hiyo na hawaoni aibu kufanya hivyo tena.

Hatua ya tisa: baada ya wimbo wa mwisho

Taa zikiwaka, ngoja dakika chache umati upungue mlangoni. Karatasi ya orodha ya nyimbo iliyobandikwa kwenye sakafu ya jukwaa hubanduliwa na mafundi wa jukwaa. Iombe kwa upole wala usiichomoe mwenyewe. Wanamuziki wenyewe wakati mwingine hufika kwenye meza ya bidhaa. Waambie neno moja fupi, piga picha kama wameridhia, kisha umpishe anayefuata, maana huenda wana safari ya usiku mzima kuelekea mji mwingine.

Toa vizibo ukishafika nje, penye utulivu. Masikio yakilia au sauti zikisikika kama zimefunikwa kwa pamba, ujue kinga haikutosha: usiweke visikizi vya simu siku inayofuata, na ukae mbali na kelele. Hali hiyo kwa kawaida huondoka ndani ya siku moja au mbili. Isipoondoka, au sikio moja likipoteza usikivu ghafla, nenda kwa daktari wa masikio bila kusubiri, kwa sababu baadhi ya matibabu hufaa tu yakianza mapema. Na kama umenunua tiketi ya onyesho jingine litakalofanyika usiku unaofuata, simama mbali zaidi na spika, au umwachie tiketi hiyo rafiki.